Mngewahi

Mwezi Aprili 1977, katika kaunti ya Berkshire nchini Uingereza, mvulana wa miaka 13 alikuwa akibembea kwa kamba iliyoning'inia mtini. Akaanguka kutoka kimo cha mita tatu na zaidi. Baada ya saa chache alikuwa hospitalini. Waliompokea walimpiga eksirei ya goti, hawakuona kitu, wakamfunga bandeji na kumrudisha nyumbani. Nyonga hawakuipiga picha. Kwa siku tano alilala na maumivu makali, hadi aliporudishwa hospitali ile ile, na safari hii nyonga ikapigwa picha. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika juu kabisa, pale kichwa cha mfupa kinapokaa juu ya tabaka la gegedu ambalo kwa hilo mtoto hurefuka. Akafanyiwa upasuaji haraka. Lakini kichwa kile cha mfupa kilikufa kwa kukosa damu, na alipofika miaka 20 alikuwa na ulemavu ambao usingemwacha tena.

Jina lake limo katika karibu kila kitabu cha sheria ya madhara kinachofundishwa kwa Kiingereza, kwa sababu kesi hubeba jina la aliyeshtaki. Sitaliandika hapa. Alikuwa mtoto aliyeanguka mtini, na hakuomba kugeuka istilahi.

Mamlaka ya Afya ya East Berkshire, iliyosimamia hospitali ile, haikukana kosa. Ilikubali kwamba nyonga ilipaswa kupigwa picha siku ya kwanza. Ndiyo maana kesi hii inafaa kufikiriwa: uzembe haukuwa na mgogoro. Kilichobaki kilikuwa swali moja tu ambalo kwa mbali linaonekana jepesi. Zile siku tano zilimpotezea nini?

Jibu la kitabibu ni hili. Kichwa cha mfupa wa paja wa mtoto hulishwa na mishipa michache ya damu, myembamba, inayopanda kandokando ya shingo ya mfupa. Ikiwa mishipa ya kutosha ilikatika palepale alipogonga chini, hakuna daktari duniani ambaye angekiokoa kichwa kile, hata kama angekuwa amesimama chini ya mti na visu vyake tayari. Ikiwa mishipa ya kutosha ilibaki mizima, basi kilichoiua ni damu iliyovujia ndani ya kiungo na kuikandamiza siku baada ya siku, na upasuaji wa mapema ungeweza kuinusuru. Baada ya siku tano hakuna aliyeweza kuangalia na kusema ilikuwa ipi kati ya hali hizo mbili.

Jaji wa kwanza aliwasikiliza mabingwa wa pande zote akahitimisha kwamba, hata kama hospitali ingegundua siku ile ile, kulikuwa na uwezekano wa asilimia 75 kwamba mfupa ungekufa tu. Kwa hiyo mvulana alipoteza asilimia 25. Jaji akafanya hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa darasa la saba angeifanya: madhara yote yana thamani ya pauni 46,000, robo yake ni pauni 11,500, alipwe hizo. Juu yake akaongeza pauni 150 kwa maumivu ya zile siku tano, ambayo hakuna aliyeyabishia. Mahakama ya Rufani ikakubali. Mwaka 1987, miaka kumi baada ya kamba ile, shauri likafika katika Bunge la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na mabwana wakazifuta zile pauni 11,500.

Hoja yao ilikuwa hivi. Kilichotokea kwenye nyonga ya mvulana kabla hajafika hospitali ni jambo lililopita, na jambo lililopita mahakama huliamua kwa mizani ya uwezekano: likielemea zaidi ya nusu, linahesabiwa kuwa limetokea, likipungua nusu, linahesabiwa halikutokea. Asilimia 75 zinaelemea upande wa kwamba mishipa ilikatika wakati wa kuanguka. Basi, kisheria, ilikatika. Hapakuwa na nafasi ya kupoteza. Mtu hawezi kuibiwa mfuko ambao tayari ulikuwa mtupu.

Nilikutana na kesi hii katika semina ya maadili, mwaka huu wa pili wa shahada yangu ya uzamili, na tulibishana hadi mlinzi akaja kufunga chumba. Naikumbuka hoja ya mwenzetu mmoja ambaye ni daktari aliyerudi shule. Alisema: mkianza kulipia nafasi, hakuna atakayekubali kugusa kiwiko cha mtoto. Aliichagua sehemu hiyo makusudi. Kuvunjika juu kidogo ya kiwiko ni miongoni mwa mivunjiko ya kawaida kabisa ya watoto wadogo, na pia ni kati ya ile inayowanyima madaktari usingizi, kwa sababu ateri na neva kubwa za mkono zinapita palepale mfupa unapokatikia. Hofu yake siidharau. Katika hospitali nyingi za wilaya anayefunga plasta ni mtu mmoja ambaye jioni hiyo hiyo anasubiriwa pia na mama anayejifungua kwa upasuaji.

Tena, hofu hiyo sheria imeshaisikiliza kwa namna nyingine. Kipimo cha uzembe wa daktari kinachonukuliwa na mahakama za Uingereza, na mara nyingi za Kenya na Tanzania pia, ni cha mwaka 1957, na kinaitwa kipimo cha Bolam: daktari hahesabiwi mzembe ikiwa alifuata utaratibu ambao kundi la wataalamu wenzake wenye busara wanaukubali. (Nacho kilizaliwa katika kesi ya mifupa iliyovunjika, ya mgonjwa wa akili aliyepewa tiba ya umeme bila dawa ya kulegeza misuli, akavunjika nyonga zote mbili. Alishindwa.) Kwa hiyo anayefika kwenye swali la nafasi ameshavuka mlango huo mgumu. Ameshathibitisha, au hospitali imeshakubali, kwamba hata madaktari wenzake wasingefanya vile.

Neno lenyewe, nafasi, lilinishika kuliko nilivyotarajia. Kwa Kiswahili nafasi ni mahali: kuna nafasi kwenye basi. Ni muda: sina nafasi leo. Na ni uwezekano: alipata nafasi ya kusoma. Tunasema bila kusita kwamba mtu amenyimwa nafasi, amepewa nafasi, amechezea nafasi. Aliyekosa usaili kwa sababu karani aliikalia barua yake hatumwambii, "Kwani una uhakika ungepata kazi?" Tunaona waziwazi kwamba kuna kitu alikuwa nacho asubuhi na jioni hana.

Mahakama za Uingereza nazo ziliwahi kuona hivyo. Mwaka 1911 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya mwanamke aliyeingia katika shindano la urembo lililoandaliwa na Seymour Hicks, mwigizaji na mwendesha maonyesho wa London. Alifika kwenye orodha ya mwisho ya wanawake 50, ambao 12 kati yao wangepewa kazi jukwaani. Barua ya kumwita kwenye usaili ilimfikia akiwa amechelewa. Hakuna aliyejua kama angechaguliwa. Alipewa pauni 100. Kumi na mbili katika hamsini ni asilimia 24. Nafasi ya kuwa mwigizaji ilikuwa ndogo kidogo kuliko nafasi ya mguu wa yule mvulana, na ikalipiwa.

Mwanasheria atasema hizo ni nafasi za aina mbili tofauti, na hapo yuko sahihi. Nafasi ya yule mwanamke ilikuwa bado wazi duniani: waamuzi hawajakaa, hawajamwona, wangeweza kuamua hivi au vile. Nafasi ya mvulana ilikuwa imekwisha kufungwa ndani ya mwili wake kabla hajapanda gari la wagonjwa. Mishipa ilikuwa ama imekatika ama haijakatika. Ile robo ilikuwa katika vichwa vyetu, kipimo cha tusichokijua.

Nilikaa na tofauti hii wiki nzima nikiamini imemaliza mjadala. Kisha nikajiuliza: tusichokijua, kwa nini hatukijui? Hatukijui kwa sababu nyonga haikupigwa picha siku ya kwanza. Kama wangeigundua na kumpasua siku ile, mfupa ungekufa au ungepona, na kila mtu angejua mvulana alikuwa katika kundi lipi. Uzembe ule ule unaoshtakiwa ndio ulioteketeza ushahidi wa madhara yake. Halafu giza hilo linahesabiwa dhidi ya mtoto. Aliyezima taa ndiye anayeuliza, "Una hakika ulikuwa na kitu mfukoni?"

Na kuna hesabu ya wengi. Chukua watoto 100 wenye nyonga kama ile, wote wamerudishwa nyumbani kimakosa. Kwa takwimu za jaji, 25 kati yao wameporwa mguu na 75 hawajaporwa kitu, kwani anguko lilishaumaliza. Kwa kanuni ya mabwana, wote 100 wanaondoka mikono mitupu. Hospitali inayokosea siku zote kwa wagonjwa ambao matumaini yao hayafiki nusu haitalipa kamwe, hata ikikosea kila juma. Geuza namba: matumaini yawe asilimia 60. Sasa wote 100 wanalipwa kila kitu, pamoja na 40 ambao hawakupoteza lolote. Kwa mtu mmoja mbele ya jaji kanuni hii inasikika kuwa ya busara. Ukiitazama kwa mfululizo wa miaka, ni leseni upande mmoja na adhabu iliyozidi upande wa pili.

Sidai kwamba hesabu ya robo haina aibu yake. Nayo inawapa watoto 75 pesa ya kitu ambacho hawakupoteza, na wale 25 walioporwa mguu mzima inawarushia robo. Hakuna kanuni isiyomkosea mtu. Ninachouliza ni kosa lipi naweza kumweleza mtu ana kwa ana. Kumwambia mzazi, "Tumekulipa kiasi cha kile tulichokifanya kisijulikane," naweza. Kumwambia, "Tulikosea, tumekubali tulikosea, na kwa kuwa makosa yetu yamefanya madhara yasithibitike, hatudaiwi," ulimi wangu unakataa. Mahakama za Ufaransa zimefidia nafasi iliyopotea kwa miongo mingi na hospitali za Ufaransa bado zina madaktari. Uingereza yenyewe swali lilirudi mwaka 2005, katika kesi ya mgonjwa wa saratani ambaye kuchelewa kugunduliwa kulishusha uwezekano wake wa kupona kutoka asilimia 42 hadi 25. Alishindwa kwa kura tatu dhidi ya mbili. Jambo linaloamuliwa kwa kura tatu kwa mbili halijafa.

Kwa nini mimi, mtu wa pwani ya Tanzania, nasumbuliwa na nyonga ya Mwingereza wa mwaka 1977? Sababu moja ni ya vitabuni: sheria yetu ilipokea kanuni za Uingereza zilizokuwapo hadi tarehe 22 Julai 1920, na hukumu zao za baadaye, ingawa haziwafungi majaji wetu, husomwa na kunukuliwa. Sababu ya pili iko nyumbani.

Mtoto wa mama mdogo, mdogo wangu basi, alianguka kutoka kwenye mwembe akiwa na miaka saba. Kiwiko cha kulia. Baba yake alimkimbiza kwanza kwa mzee mwunga mifupa, nyumba ya nne kutoka kwao, ambaye alimnyoosha, akamfunga mabanzi kwa vipande vya kanga. Kama saa mbili hivi. Mama mdogo aliporudi kutoka shambani alifungua yale mabanzi mwenyewe na kumpeleka hospitali. Walimpiga eksirei, wakamfunga plasta gumu, lile tunaloliita hogo, mkono mzima ukiwa umekunjwa, wakamlaza. Usiku mtoto alilia. Mama aliita, akaambiwa kuvunjika kunauma, akapewa dawa ya maumivu. Akaita tena. Kulipopambazuka vidole vilikuwa vimevimba na baridi. Plasta likakatwa karibu na adhuhuri, akapewa rufaa, akapasuliwa kwingine. Mkono upo. Vidole vimejikunja kama mtu aliyeshika kikombe kisichoonekana, na havinyooki.

Hali hiyo ina jina tangu 1881, alipoieleza daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Richard von Volkmann, ambaye aliilaumu bandeji iliyobana kupita kiasi. Leo inajulikana kwamba si bandeji peke yake. Mvunjiko wenyewe unaweza kuvimbisha misuli ndani ya ala zake hadi damu isipite, hata mkono ukiwa haujafungwa chochote. Kwa hiyo katika mkono wa mdogo wangu watuhumiwa ni watatu: mwembe, kanga za yule mzee, na plasta. Nani alifanya nini kwa asilimia ngapi, hakuna atakayesema. Lakini alama kubwa ya hatari hiyo kwa mtoto ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na tiba ya kwanza ni kukata plasta na kila kilicho chini yake hadi ngozi ionekane. Misuli isiyopata damu haisubiri. Baada ya saa sita hivi mara nyingi imeshaharibika pasipo kurudi.

Asubuhi ile, kabla plasta halijakatwa, mhudumu mmoja alimwambia mama mdogo: "Mngewahi, mama. Hawa wa mitaani ndio wanaotuharibia." Neno hilo ameishi nalo miaka miwili. Hulirudia akiosha vyombo.

Vitabu vya sarufi tulivyosoma sekondari vinatenganisha -nge- na -ngali-. Ya kwanza ni ya mlango ulio wazi bado: ungewahi, ungemkuta. Ya pili ni ya mlango uliofungwa: ungaliwahi, ungalimkuta. Katika mazungumzo tunazichanganya, na walimu wamechoka kutusahihisha. Lakini ninapoisikia ile "mngewahi" najua ilikuwa -ngali- iliyovaa nguo za mwenzake. Ilikuwa hukumu. Mbele ya mahakama, mama mdogo akisema "mngalikata plasta usiku, vidole vingalipona," ataulizwa: mabingwa wako wapi, asilimia ngapi, je, zinapita hamsini? Mhudumu akimwambia mama yeye "mngaliwahi", hakuulizwa na yeyote. Sentensi ni ile ile, sarufi ni ile ile. Moja inadai wataalamu wawili kutoka hospitali ya taifa, nyingine inasemwa kwa pumzi moja koridoni na kumlaza mtu macho kwa miaka.

Hili linaniudhi kuliko suala la pesa. Sisi wasomi tunapenda kusema kwamba watu wetu hawadai haki hospitalini kwa sababu wanasema ni kazi ya Mungu. Ni kweli neno letu ajali linatoka kwenye Kiarabu, ambako lina maana ya muda uliokadiriwa, wakati ulioandikwa. Bibi yangu aliposema "ajali haina kinga" alimaanisha yote mawili. Lakini mama mdogo ni mtu wa swala tano na hajasema hata mara moja kwamba vidole vile ni ajali. Anasema ni yeye. Imani haikumzuia kutafuta mkosaji. Alishampata, kwa sababu kuna mtu alimwonyesha mkosaji aliye karibu zaidi na asiye na wakili.

Mzee mwunga mifupa naye hatashtakiwa na yeyote. Ni jirani, alikuja na ndizi mtoto aliporudi, na hakuchukua pesa. Nimesikia watu mjini wakisema watu kama yeye wafungwe wote. Wangejiuliza kwanza kwa nini baba mwenye akili timamu anaipita barabara ya hospitali: nauli, foleni, na mzee aliyewahi kuunga mguu wa kaka yake ukatembea. Mifupa ya watoto inasamehe sana, na hapo ndipo mtego ulipo. Mfupa wa mtoto uliounga kwa kupinda kidogo hujinyoosha wenyewe kadiri anavyokua, kiasi kwamba daktari mzuri wakati mwingine huuacha umepinda kwa makusudi na mzazi akiona picha anadhani ni uzembe. Msamaha huo huo humfunika mwunga mifupa na daktari mvivu sawasawa. Yule aliyefunga plasta la kubana jana na juzi, watoto wakapona, hakujua kwamba amekosea mara mbili. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili jambo hili mwaka 1976 chini ya jina la bahati katika maadili: wawili wanafanya kosa moja, mmoja bahati inamlinda, mwingine anakuwa mkosaji machoni pa dunia. Aliyekuwa zamu usiku ule yawezekana hakuwa mbaya kuliko wa usiku uliotangulia. Alikutwa na kiwiko kisichosamehe.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema tuache kabisa kutafuta mkosaji. New Zealand tangu 1974 ina mfuko unaofidia majeraha ya ajali bila kuuliza nani alikosea, na aliyeumizwa na matibabu huomba humo badala ya kwenda mahakamani. Navutiwa na mpango huo, na kama ningeulizwa na serikali ningesema tuanze huko. Lakini hata mfuko huo lazima uulize kama ni matibabu yaliyomuumiza mtoto au ni mwembe. Swali la nyonga ya Berkshire linaingia nao mlangoni. Tena, mama mdogo hajawahi kuniuliza ni shilingi ngapi. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma, ni mimi?"

Nilimjibu kwa kadiri ya ninachokijua: kwamba saa mbili za mabanzi yaliyofunguliwa haziwezi kuwekwa kwenye mizani sawa na usiku mzima wa plasta lisilokatwa huku mtoto akilia, kwamba hata kama mwembe peke yake ungetosha kuua misuli ile, usiku ule ndio uliokuwa nafasi, na yeye aliita mara mbili. Alisikiliza. Kisha akasema, "Basi waandike hivyo." Hataki walipe, anataka waandike. Sijui kama sheria ina fomu ya dai la namna hiyo, ila nina hakika lina uzito kuliko zile pauni 150.

Muda upo. Madai ya uzembe kwetu yana ukomo wa miaka mitatu, lakini kwa mtoto saa hiyo haianzi kuhesabu mpaka atimize miaka 18, kwa hiyo mdogo wangu anaweza kuja kusimama mwenyewe, akiwa mtu mzima mwenye vidole vile vile. Kisichosubiri ni karatasi. Eksirei tunazo, zimo katika bahasha ya kaki juu ya kabati la mama mdogo, pamoja na vyeti vya kliniki. Maelezo ya wodini yako hospitalini. Tumeomba nakala mara mbili. Mara ya kwanza tukaambiwa faili linatafutwa, mara ya pili tukapewa kurasa za mchana wa kulazwa na za asubuhi ya rufaa, katikati hamna kitu. Barua ya tatu nimeiandika jana. Ina mistari minne na swali moja: kati ya saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, nani alishika vidole vyake, na saa ngapi.